Nguzo Iliyosubiri Kuamkiwa

Haya hayakutokea kwetu. Kwetu mambo yamenyooka, kila mtu anajua, na asiyejua huelimishwa. Yalitokea Mbelembele, nchi iliyo mbali kiasi kwamba hata wenyeji wake huifikia kwa shida, nami nayasimulia kwa kuwa aliyenisimulia hakunikataza.

Serikali ya Mbelembele iliamka siku moja ikaamua kuachana na moshi. Magari yote ya petroli yakastaafishwa kwa heshima zote: yakavishwa mashada, yakapigiwa tarumbeta, yakaegeshwa kwenye uwanja wa mpira, ambako mpaka leo kuku wanatagia kwenye viti vya mbele. Badala yake yakaja magari mia nne ya umeme, meupe, mazuri. Wizara ya Uchukuzi iliyaagiza kwa rafiki mmoja wa ng'ambo. Vituo vya kuyachajia navyo viliagizwa na Wizara ya Nishati, kwa rafiki mwingine wa ng'ambo ambaye hasemezani na yule wa kwanza. Kila kituo kilikuwa nguzo nene ya chuma, kimo cha mtu mzima aliyeshiba, yenye skrini kifuani, spika chini ya skrini, na waya mnene umejizungusha ubavuni.

Siku ya uzinduzi, gari la kwanza likachomekwa kwenye nguzo ya kwanza. Likakaa. Likakaa. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na gari likakaa tu. Skrini ya nguzo iliandika NASUBIRI. Skrini ya gari nayo iliandika NASUBIRI. Hotuba zilizobaki zikasomwa zote, hata zile ambazo zilikuwa za mwaka mwingine.

Mwaka mmoja na robo ukapita vinasubiriana. Usidhani taifa lilisimama. Kila gari lilipewa wasukumaji wanne wenye sare na filimbi, wakaitwa Maafisa Msukumo Daraja la Tatu, na gazeti la serikali likaandika kwamba magari ya umeme yameleta ajira elfu moja na mia sita, jambo ambalo magari ya petroli hayakuliweza tangu kuumbwa kwake. Kwenye tambarare mambo yalikwenda. Milimani ndiko kulikokuwa na tabu, kwa hiyo likatolewa tamko kwamba milima haina umuhimu wa kitaifa.

*

Siwatu alikuwa fundi umeme mjini Vigelegele, makao makuu ya nchi hiyo. Mwanamke wa makamo, mfupi, hana maneno mengi, testa kaipachika sikioni kama karani na kalamu yake. Alitengeneza pasi, feni na majokofu ya mtaani, na magari ya serikali hayakumhusu ndewe wala sikio. Kilichomhusu ni macho ya mama yake.

Bi Mashavu, mama yake, alikuwa na mtoto wa jicho kulia na kushoto. Ulikuwa mwaka wa tatu anawajua watu kwa sauti zao. Daktari wa macho alifika Mbelembele mara moja tu kwa mwaka, kwa siku moja tu, na wala hakufika Vigelegele, bali hospitali ya Majani Mapana, kilomita mia moja na ishirini, na katikati umelala mlima mmoja mkubwa usio na umuhimu wa kitaifa. Mwaka juzi Bi Mashavu alikosa nafasi kwa sababu foleni ilijaa shangazi za wakubwa. Mwaka jana alikosa kwa sababu Maafisa Msukumo waliufikia mguu wa mlima, wakautazama, wakapiga filimbi ya kurudi. Safari hii daktari alikuwa ametuma neno: akikosa tena asijisumbue, kwani jicho nalo huchoka kungoja. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na leo ni Jumatatu.

Ndiyo maana alipoitwa Wizara ya Uchukuzi kutoa ushauri wa kitaalamu, Siwatu alikwenda mbio mpaka kiatu kikamvuka.

Alikuwa mtaalamu wa arobaini na moja. Wa kwanza alishauri nguzo zipakwe rangi za bendera, zikapakwa. Wa pili alishauri magari yaimbiwe wimbo wa taifa kila asubuhi, yakaimbiwa. Wa tatu aliandika kurasa mia tatu kuhusu uzalendo wa betri. Katika wote arobaini hakuna aliyekuja na bisibisi.

Waziri wa Uchukuzi, Mheshimiwa Dakta Ngwali Farsakhi, alikuwa hajamsalimu mtu kwa mdomo wake kwa miaka tisa. Kazi hiyo ilifanywa na Afisa Salamu, bwana mwembamba aliyesimama kushoto kwa kiti chake.

"Mheshimiwa anauliza, hujambo?" akasema Afisa Salamu.

"Mwambie sijambo," akajibu Siwatu, ingawa Mheshimiwa alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake, anasikia kila neno.

"Fundi," Waziri akaanza, maana kuhutubia alihutubia mwenyewe, "taifa lina kiu ya umeme, na umeme una kiu ya taifa. Wewe ndiwe daraja baina ya kiu hizi mbili. Historia imekunyooshea mkono, na mkono huo, fundi, ni wangu."

Hakuunyoosha. Siwatu akangoja kidogo, kisha akasema, "Mheshimiwa, nikifaulu nina ombi moja. Gari la kwanza litakalochajiwa limpeleke mama yangu Majani Mapana siku ya Alhamisi. Haoni."

"Hilo limepita," akasema Waziri, huku tayari anatazama karatasi nyingine.

*

Nguzo Namba Moja ilisimama katikati ya Uwanja wa Mapambazuko, na gari la Waziri lilikuwa limesukumwa likaegeshwa kando yake. Siwatu akaanza kama anavyoanza kila fundi, kwa kuangalia kilicho karibu. Plagi iliingia sawasawa. Wale marafiki wawili wa ng'ambo, pamoja na kununiana kwao, walikuwa wameiba mchoro mmoja. Waya ulikuwa mzima. Testa ikawaka: umeme umefika mpaka kifuani mwa nguzo. Betri ya gari nayo ilikuwa nzima, ila ina njaa ya mwaka na robo.

Basi mwili hauna maradhi, akajisemea. Akafungua kifuniko, akachomeka kompyuta yake ndogo, akaanza kusoma vile vyombo vinafikiri nini.

Ukweli ni huu. Popote duniani, kabla umeme haujapita, gari na nguzo husalimiana. Mmoja huita, mwenziwe huitika, wanaulizana hali, una njaa kiasi gani, unahimili nguvu kiasi gani, kisha chakula kinapakuliwa. Huko kwingine wanasalimiana kimyakimya ndani ya waya. Lakini Mbelembele kulikuwa na Kamati ya Taifa ya Adabu za Vyombo, nayo iliona kusalimiana kimyakimya ni kiburi. Ikaagiza kwamba hakuna chombo kitakachoingia nchini bila kufundwa: mdogo aseme shikamoo, mkubwa aitike marahaba, na iwe kwa sauti, watu wasikie.

Sauti ya nani? Hapo ndipo mawaziri walipoingia wenyewe. Dakta Ngwali alifukuza watangazaji wote, akajifungia studio wiki mbili, akayarekodia magari kila neno kwa sauti yake. "Funga mkanda, mwananchi." "Punguza mwendo, mbele kuna maendeleo." Waziri wa Nishati, Mheshimiwa Profesa Shomvi, aliposikia, akajifungia wiki tatu, akazirekodia nguzo. "Karibu kwenye mwanga." "Usivute waya, vuta subira."

Siwatu akalitafuta neno shikamoo ndani ya gari. Halikuwemo. Marahaba ilikuwemo, imerekodiwa mara kumi na moja, na kila moja ina raha kuliko iliyotangulia. Akalitafuta ndani ya nguzo. Halikuwemo. Marahaba zilikuwa kumi na tisa, mojawapo imetanguliwa na kikohozi cha kikubwa.

Akakaa kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka testa ikamdondoka. Arobaini wamekuja, nguzo zimepakwa rangi, magari yameimbiwa, mama yake hajaona uso wa mtu miaka mitatu, na kumbe ni wakubwa wawili wamesimama mlangoni kila mmoja anangoja kuamkiwa.

Alipomaliza kucheka akainuka, akaisogelea nguzo. "Shikamoo," akaiambia.

"Marahaba!" ikajibu nguzo kwa sauti ya Profesa Shomvi. "Hujambo? Nyumbani hawajambo? Alhamdulillahi. Lakini wewe si gari."

Akarekodi shikamoo kwa sauti yake, akaitia ndani ya gari, akachomeka tena. Nguzo ikasikiliza mpaka mwisho. "Sauti hii haina cheo," ikasema. "Mlete mwenyewe."

*

Jumanne asubuhi akapeleka ripoti. Ilikuwa na mstari mmoja: Waziri mmoja kati ya hawa wawili aseme shikamoo mara moja mbele ya chombo cha mwenziwe, kazi imekwisha.

Katibu wa Kamati ya Adabu za Vyombo, Bwana Kitwana, aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Dada fundi, ripoti yako nimeielewa, na hiyo ndiyo kasoro yake. Tena ni fupi, muhuri utakaa wapi?"

Hata hivyo kamati ikaitwa, na mawaziri wote wawili wakafika, mmoja mlango wa mashariki, mwingine mlango wa magharibi, ili asionekane aliyetangulia. Swali lilikuwa moja: kati ya gari na nguzo, mdogo ni nani?

"Magari yametoka kiwandani Januari," akasema Dakta Ngwali, "nguzo zimetoka Machi. Mtoto wa Machi akaamkiwe na wa Januari? Mwisho wa dunia umefika?"

"Ila nguzo ndizo zilizotangulia kushuka bandarini," akasema Profesa Shomvi. "Halafu gari ndilo linalokwenda kwa nguzo, nguzo haijaenda kwa gari hata siku moja. Tangu lini mwenye nyumba akamwamkia anayebisha hodi?"

"Nguzo imesimama. Gari lina viti. Aliyesimama humsalimu aliyekaa!"

"Nguzo inalisha! Mlishaji huamkiwa!"

Wajumbe waligonga meza kwa kila hoja, bila ubaguzi. Ilipoonekana vyombo vinalingana, mmoja akapendekeza ukubwa ufuate umri wa mawaziri wenyewe. Nao, kwa bahati mbaya, walizaliwa mwaka mmoja. Kila mmoja akaagiza cheti chake cha kuzaliwa, na kila cheti kilipofika kikaonekana kimekosewa, kikarudishwa kikarekebishwe. Kufikia saa saba mchana Profesa Shomvi alikuwa amemzidi umri baba yake mzazi.

Kamati ikaamua kwa busara. Iliunda kamati ndogo, ikaipa ziara ya mafunzo ya miezi mitatu katika nchi ambazo vyombo vinaheshimiana, kisha ikanywa chai.

"Na Alhamisi je?" Siwatu akamuuliza Bwana Kitwana pale mlangoni.

"Alhamisi ipo, dada fundi. Hakuna aliyependekeza iondolewe."

Siwatu alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa na hasira ya kutaka kupiga kitu teke. Akaipiga teke nguzo moja ya Mtaa wa Pili. "Marahaba," ikajibu, "lakini siku nyingine tumia mdomo."

*

Jumatano mchana walikuwa wanakula, ugali na mchicha, redio inaunguruma dirishani. Taarifa ya habari ikasema kwamba Mtukufu Mwangaza wa Taifa, mkuu wa nchi, ambaye alikuwa akipumzika Majani Mapana, ameamua kuteua Waziri Mkuu. Ameshachoka kusikia magari ya umeme, sasa anataka kuyaona. Waziri wa Uchukuzi na Waziri wa Nishati wafike kwake kesho kabla ya saa sita mchana, kwa gari la umeme linalotembea kwa umeme, si kwa watu. Mmoja atateuliwa. Asiyefika atastaafishwa kwa heshima zote, na nafasi yake imeshaandaliwa uwanja wa mpira.

Kisha ikaja sauti ya Dakta Ngwali. "Nitafika!" alinguruma. "Na atakayeniwekea kizuizi, awe mtu, mlima, au nguzo, historia itampitia juu!"

Bi Mashavu akaacha kutafuna. "Siwatu, huyo nani?"

"Waziri wa Uchukuzi, mama. Kula."

"Waziri? Huyo si Ngwali wa Patima? Ndiye. Bi Patima, marehemu, tulikaa naye ukuta kwa ukuta Mtaa wa Chini. Wewe hujazaliwa. Huyu mtoto alikuwa anapita kwangu kila asubuhi akienda shule, nampa kitumbua." Akacheka peke yake. "Siku moja akanyoosha mkono bila kuniamkia. Nikamwambia maneno mawili tu. Alishtuka huyo! Visigino hivi, pa! Tangu siku hiyo nikimsikia kwa mbali, anaamkia tangu kule kona."

Siwatu alirudisha tonge sahanini. "Maneno gani mama?"

Mama yake akamwambia. Ni maneno ambayo kila mtoto wa Mbelembele ameyasikia walau mara moja, na hakuna anayependa kuyasikia mara ya pili.

Siwatu akanyanyuka akaenda kufungua sanduku. "Kesho utavaa kanga ipi, mama?"

*

Saa moja asubuhi ya Alhamisi, Uwanja wa Mapambazuko ulikuwa umejaa watu kuliko siku ya uzinduzi, kwani habari ya kustaafishwa mkubwa huvuta wengi. Siwatu alikuwa ameshachomeka waya. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari la Waziri, upande ule unaotazamana na nguzo, akamkalisha Bi Mashavu kitini, kanga mpya imemkaa vizuri, mkoba wa hospitali mapajani.

"Hapa ndipo nikae?" akauliza Bi Mashavu.

"Hapo hapo. Usishuke hata akija nani."

Profesa Shomvi alifika wa kwanza, akasimama nyuma ya nguzo yake, mikono nyuma, kimya. Yeye alikuwa na nguzo lakini hana gari. Dakta Ngwali akafika kwa gari jingine, likisukumwa na Maafisa Msukumo wanane: yeye alikuwa na magari lakini hana umeme. Wakatazamana juu juu. Zilibakia saa tano kufika saa sita, na kila mmoja alikuwa radhi astaafu na kuku kuliko kutangulia kufungua mdomo.

Dakta Ngwali akalielekea gari lake, akakuta limekaliwa.

"Mheshimiwa anauliza, hujambo bibi?" akasema Afisa Salamu, akijipenyeza mbele.

"Nani?"

"Mheshimiwa Dakta Ngwali Farsakhi, Waziri wa—"

"Wewe nimekusikia. Yeye hana mdomo?"

Watu wa karibu wakaguna. Waziri akamsukuma kando afisa wake, akainama, akaingiza kichwa mlangoni. "Bibi, hili gari ni la—"

"Ngwali."

Kwa miaka tisa hakuna aliyelitamka jina hilo bila kulitandikia zulia. Waziri aliganda, nusu yake ndani ya gari, nusu yake nje.

"Ngwali wa Patima," akasema Bi Mashavu taratibu, uso umeelekea ilipotokea sauti. "Unaingiza kichwa walipokaa watu, unaanza na hili gari, hili gari. Kwani tumelala pamoja?"

Siwatu alikuwa ameushika waya kwa mikono miwili. Alichokiona hatakisahau. Cheo kilikuwa bado kinatafuta la kusema, mwili ukakitangulia. Visigino vya Waziri vikagongana, pa! Kidevu kikashuka. Na ule mdomo uliohutubia mataifa ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama!"

Nguzo Namba Moja ikatetemeka kuanzia chini. Ilikuwa imesikia sauti ya gari, ikitokea ndani ya gari, ikisema neno ililolingojea mwaka na robo. Ikachagua marahaba iliyo ndefu kuliko zote, ile yenye kikohozi.

"Khm. Marahabaaa!" ikanguruma, sokoni wakasikia. "Marahaba, marahaba! Hujambo? Una njaa? Karibu kwenye mwanga!"

Skrini ikawa kijani. Waya ukavuma mikononi mwa Siwatu, na dakika si nyingi ukaanza kupata uvuguvugu, naye akajikuta analia na kucheka vyote kwa pamoja.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Mashavu kumjibu Ngwali. Kisha akainua kichwa. "Na huyu mwingine anayeniitikia salamu zangu ni nani?"

Uwanja ukalipuka vigelegele. Profesa Shomvi akachomoza nyuma ya nguzo, mikono juu kama aliyefunga bao. "Mmeshuhudia! Uchukuzi umeiamkia Nishati!"

"Nimemwamkia mama!" Dakta Ngwali alipiga kelele, jasho linamtoka.

"Na mimi nikaitika!"

*

Betri iliposhiba ikawa saa nne kasoro. Mawaziri wote wawili wakalikimbilia gari.

"Mama ashuke kwanza," akasema Dakta Ngwali, safari hii kwa sauti ya chini na heshima zote.

"Mimi nimeshakaa," akasema Bi Mashavu.

"Tena mwenyewe ulisema hilo limepita," Siwatu akamkumbusha, akaingia nyuma ya usukani. "Wenye kwenda Majani Mapana waingie."

Wakaingia. Bi Mashavu katikati, waziri kulia, waziri kushoto, mikoba yao ya ngozi magotini. Gari likaondoka bila kelele, na Maafisa Msukumo wanane wakalikimbiza hadi mwisho wa mji, maana mazoea yana taabu. Mlima walioambiwa hauna umuhimu waliupanda kama wanateremka. Njiani Bi Mashavu aliwauliza mmoja mmoja kama wanalala vizuri, kama wanakula mboga, mara ya mwisho walizuru lini makaburi ya mama zao. Walijibu vizuri, na hakuna aliyemkatiza mwenziwe.

Lango la hospitali lilitangulia, ikulu ndogo ilikuwa mbele kidogo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Siwatu akakata kona akaingia hospitali.

"Fundi!" wakapaza sauti pamoja.

"Hapo mbele si mbali," Siwatu akasema. "Tambarare tupu."

Wakashuka wakakimbia, suti zinapepea, kila mmoja anamshika mwenziwe koti ili asimtangulie. Siwatu hakuwatazama. Alikuwa amemshika mama yake mkono, anamhesabia ngazi: moja, mbili, ya tatu ina ufa, inua mguu. Daktari alikuwa bado yupo.

*

Mtukufu Mwangaza wa Taifa aliwasikiliza mawaziri wake waliofika pamoja, wanahema, vifungo vimekatika. Swali lake lilikuwa moja.

"Nani aliyeamkia, na nani aliyeamkiwa?"

Dakta Ngwali akakiri kwamba kuamkia aliamkia, ila si nguzo, ni mama. Profesa Shomvi, alipobanwa, akakiri kwamba kuitika hakuitika yeye kwa kinywa chake, iliitika nguzo. Mtukufu akafikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Jioni ile ile redio ikatangaza. Kwa kuwa mkubwa ni yule anayeamkiwa, na kwa kuwa Waziri mzima ameiamkia nguzo mbele ya umma, na kwa kuwa nguzo imeitika kwa ukamilifu, basi Nguzo Namba Moja imeteuliwa kuwa Waziri Mkuu kuanzia saa hiyo. Mheshimiwa Ngwali na Mheshimiwa Shomvi watakuwa manaibu wake.

Wachambuzi walisifu uteuzi huo kwa kauli moja. Haisafiri, walisema. Haisinzii bungeni, kwa kuwa haikai. Haina shemeji. Na ukiiamkia vizuri, kuna kitu unapata. Sauti ya Dakta Ngwali ikachukuliwa pale pale ilipohifadhiwa na nguzo, ikatiwa ndani ya magari yote mia nne, na kuanzia Ijumaa Mbelembele nzima ilikuwa inajichaji: shikamoo huku, marahaba kule, kutwa nzima. Maafisa Msukumo wakapandishwa Daraja la Pili, wakapewa kazi ya kuwapanga foleni wananchi waendao kumwamkia Waziri Mkuu.

*

Daktari alikuwa amelitengeneza jicho la kulia. La kushoto alisema mwakani, Mungu akipenda. Alilifunga lile la kulia kwa kitambaa cheupe, akaagiza kisifunguliwe mpaka Jumapili asubuhi.

Jumapili Bi Mashavu alikataa kufunguliwa chumbani. Alitaka kuanza na kitu kikubwa. Siwatu akampeleka Uwanja wa Mapambazuko, akamkalisha kwenye benchi, akafungua fundo polepole.

Bi Mashavu akapepesa. Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa mwanawe, na akautazama muda mrefu, akaushika mashavu mawili.

"Umezeeka, mwanangu," akasema.

"Nimezeeka, mama," akasema Siwatu, machozi yanamtiririka, na hakuwahi kusifiwa sifa iliyomfurahisha kama hiyo.

Kisha mama akageuza shingo atazame mji. Akaona foleni. Ilianzia posta ikazunguka uwanja mara mbili: walimu, majaji na majoho yao, wafanyabiashara, kanali mmoja na nishani zake. Wote wamevaa nguo za sikukuu. Kila mmoja akifika mbele anainama, anasema neno, anaitikiwa kwa mngurumo, anarudi kinyumenyume akitabasamu.

"Yule mkubwa wanayemwamkia ni nani?" akauliza. "Jicho bado changa hili. Mimi naona kama chuma."

"Jicho lako zima, mama. Ni chuma. Ndiye Waziri Mkuu."

Bi Mashavu akakaza kutazama. Pande mbili za nguzo walisimama mabwana wawili wanene wenye suti, mmoja ameishikia mwavuli isipigwe na jua, mwingine anaipepea kwa gazeti.

"Na wale?"

"Ngwali na mwenziwe."

Kanali alikuwa amefika mbele, amepiga goti, kofia kwapani. Marahaba, ikanguruma nguzo, na foleni nzima ikapiga makofi.

"Siwatu," akasema mama yake, mkono unapapasa juu ya benchi, "kile kitambaa umekitupa, au bado unacho?"